Maswali ya Lugha: "Omit" na Vyote Vinavyoachwa Nje

Toleo hili tumekusanya barua zinazohusu neno moja la Kiingereza, *omit*, pamoja na nomino yake *omission*. Ni neno dogo, ila limejipenyeza kwenye ankara, kwenye sheria, kwenye chati ya dawa na kwenye daftari la mhasibu, na kila mahali lina kazi yake.

Kamusi yangu inasema *omit* ni "kuacha". Nikaandika *I omitted the bus*, darasa zima likacheka. Sasa *I omitted school* na *I omitted breakfast* nazo ni makosa? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Korogwe

Kamusi haikukudanganya, bali "kuacha" letu ni pana mno. Mtu huacha kazi, huacha sigara, huacha mzigo stesheni, na basi humwacha mtu. *Omit* imechukua kipande kimoja tu cha hayo yote: pana orodha, maandishi, hesabu au utaratibu fulani, na kitu ambacho kingekuwamo hakikuwekwa. Pasipo orodha au utaratibu wa aina hiyo, neno hili halina pa kushika. Kwa hiyo basi lililokuacha ni *I missed the bus*. Shule usiyokwenda ni *I missed school*. Kama ulitoroka, *I skipped school*. Chai ya asubuhi usiyokunywa ni *I skipped breakfast*. Kazi uliyoacha ni *I left my job*, na sigara ni *I gave up smoking*.

Mahali pake halisi ni hapa: *My uncle's name was omitted from the list*. Jina la mjomba halimo. Tazama jinsi maana inavyogeuka ukibadilisha kitenzi kimoja tu. Ukisema *deleted*, umesema jina lilikuwamo kisha likafutwa. *Excluded*, kuna mtu au kanuni iliyoamua asiwemo. *Overlooked*, mwandishi alipitiwa, jicho liliruka mstari. *Omitted* haisemi lolote kati ya hayo. Inasema tu kwamba jina halipo, na haimnyooshei mtu kidole.

Kwa maoni yetu hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa anayeandika barua za ofisi. Kama hujui kwa nini jina la mtu halimo, andika *omitted*, nawe utakuwa umesema kweli bila kumtuhumu karani. Kwa Kiswahili, *omitted* ya namna hiyo itafsiriwe "halimo" au "halikuandikwa". Ukiandika "wamelisahau" umeshamtetea mtu. Ukiandika "wamelitoa" umeshamshitaki.

Sarufi yake ni nyepesi. Kitu kinakuwa *omitted from* orodha. Usiseme *omitted in* wala *omitted out*, kwa sababu ule "unje" umo tayari ndani ya neno. Likifuatwa na kitenzi huchukua *to*: *She omitted to sign the form*, yaani fomu haikutiwa saini. Huo ni mtindo rasmi. Katika mazungumzo watu husema *she forgot to sign* au *she didn't sign*, na mahali pa *omit* pote huweka *leave out*. Mtoto aliyenyimwa nafasi kwenye mchezo atalalamika *you left me out*. Akisema *you omitted me* wenzake watamshangaa.

Ni *ommit* au *omit*? *Omited* au *omitted*? Kompyuta hunipigia mstari mwekundu kila mara. — Katibu muhtasi, Dodoma

M moja daima. T moja kwenye *omit*, mbili kwenye *omitted* na *omitting*. Sababu ni mkazo, ambao uko mwishoni: o-MIT. Kitenzi cha silabi zaidi ya moja kinachoishia kwa irabu moja na konsonanti moja huongeza konsonanti hiyo mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho, ndiyo maana tunaandika *permitted*, *admitted*, *committed*. Kwenye *visit* na *limit* mkazo uko mwanzo, hivyo *visited* na *limited* hubaki na t moja.

*Omission* ina m moja na s mbili. Wanaoandika *ommission* wamevutwa na *commission*, ambayo ina m mbili kwa haki yake. Na uangalie *emit*, ambayo kwa sauti inakaribiana nayo: kiwanda kinachotoa moshi *emits smoke*. Kikiandikwa *omits smoke*, moshi umetoweka kwenye ripoti.

Wahariri, salaam. Chini kabisa ya ankara za muuzaji wetu wa jumla pameandikwa E. & O.E. kwa herufi ndogo. Ni chapa ya kiwanda cha karatasi? — Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza

Si chapa. Ni kifupisho cha *errors and omissions excepted*: makosa na yaliyoachwa hayahesabiwi kuwa neno la mwisho la muuzaji. Anakwambia kwamba ankara hii ndiyo hesabu yake, lakini ikigundulika tarakimu imekosewa au bidhaa imerukwa, ana haki ya kuirekebisha.

Tuseme umechukua mifuko 40 ya saruji kwa 17,500 na nondo 12. Mwandishi akapiga hesabu ya saruji akaandika 70,000 badala ya 700,000. Hiyo ni *error*. Nondo zimepakiwa garini lakini hazimo kabisa kwenye ankara. Hiyo ni *omission*. Kwa vyote viwili muuzaji atakuletea ankara ya nyongeza, na ile sentensi ndogo ni ya kukuonya mapema kwamba usishangae.

Wengi hukosea wakidhani herufi hizo humpa muuzaji ruhusa ya kubadili bei mliyokubaliana. La. Bei mliyopatana 17,500 haigeuki 19,000 kwa kisingizio cha E. & O.E., maana hapo hakuna kilichokosewa wala kilichorukwa. Wala hazikuzuii wewe kudai: ukikuta umetozwa nondo 14 ilhali ulipokea 12, dai. Linganisha ankara na hati ya kupokelea mzigo kabla gari halijaondoka, mstari kwa mstari, ukianzia kwenye mzigo ulio chini na siyo kwenye karatasi. Ukianzia kwenye karatasi utakagua kile tu kilichoandikwa, na kilichorukwa hutakiona.

Wanaonunua kutoka kwa wafanyabiashara wanaotumia Kifaransa, kama wenzetu wa Bukavu na Bujumbura, watakuta maneno *sauf erreur ou omission*. Kazi ni ileile.

Mwalimu ameandika pembeni mwa insha yangu *"that" can be omitted*. Sentensi mbili mbele nimeiacha, akaandika *do not omit*. Nifuate lipi? — Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega

Yote mawili, na kanuni inaonekana kwa macho. Tazama neno linalofuata baada ya *that*. Likiwa ni mtenda, kama *I*, *we*, *my father*, unaweza kuiacha *that*: *The book that I bought is torn* inakuwa *The book I bought is torn*. Likiwa ni kitenzi, huwezi. *The man that sold me the book is here* ukiinyofoa *that* inabaki *The man sold me the book is here*. Msomaji anaichukua *sold* kama kitenzi kikuu, anatulia, halafu anajikwaa kwenye *is*.

Msemaji wa Kiswahili hunaswa hapa kwa sababu lugha yetu haitofautishi. "Kitabu nilichonunua" na "mtu aliyeniuzia" zote mbili zina kirejeshi ndani ya kitenzi, -cho- na -ye-, na hakuna kinachoweza kuondoka. Kwa hiyo tukishaambiwa kwamba Kiingereza huruhusu kuiacha, tunaiacha popote.

Palipo na mkato kabla ya kirejeshi usiache chochote. *My bicycle, which I bought in Moshi, has no brakes*: hiyo *which* haiondoki ingawa inafuatwa na *I*, kwa kuwa maneno yaliyo kati ya mikato ni nyongeza tu.

Baada ya *say*, *think*, *know* na *believe*, *that* huachwa bila shida katika mazungumzo: *I think he's asleep*. Kwenye maandishi rasmi tungekushauri uibakize pale ambapo kuiacha kunampotosha msomaji kwa nukta moja. *The minister announced the new road would be closed*: kwanza unadhani waziri ametangaza barabara mpya, kumbe ametangaza kufungwa kwake. *Announced that the new road* inaondoa utata. Na kauli zikiwa mbili, ya pili ipe *that* yake: *He said that the rain had stopped and that the bus would leave at six*. Bila ile ya pili hatujui kama habari ya basi ni maneno yake au ni ya mwandishi.

Wakaguzi wengine hukata kila *that* wanayoiona wakidhani wanafupisha. Usiwaige.

Natafsiri mikataba na hati za mahakama. *Act or omission* niiandikeje? Nimekutana na "kitendo au upungufu", na pia "kitendo au usahaulifu". — Mfasiri, Mombasa

Zote mbili ziache. "Upungufu" unaeleza hali ya kitu, si jambo la mtu. "Usahaulifu" unaingiza nia ambayo sheria haikuitaja: aliyekataa makusudi kumlisha mtoto wake hakusahau. Andika "kutenda au kutotenda", au "kitendo au kuacha kutenda". Katika mkataba, *any act or omission of the contractor* iwe "jambo lolote alilotenda au aliloacha kutenda mkandarasi".

Inafaa mfasiri ajue uzito wa maneno haya, maana yamo kwenye msingi wa sheria za jinai za nchi zetu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 5, na ile ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 4, zote hueleza kosa kuwa ni kitendo, jaribio au kutotenda kunakoadhibika kisheria. Kosa la kuua bila kukusudia, kifungu cha 195 Tanzania na cha 202 Kenya, nalo linaweza kutokana na kutenda au kutotenda. Vifungu hivyo vinaendelea kusema kwamba kutotenda huko ni kule kwa uzembe wa kulaumika katika wajibu wa kulinda uhai au afya, kukusudia kuua au kudhuru kuwepo au kusiwepo.

Neno la kushika hapo ni wajibu. Kwa desturi ya sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzazi wa kanuni hizi, kutotenda si kosa mpaka iwe ulipaswa kutenda. Mpita njia anayemwona mgeni anazama baharini akaendelea na safari yake anaweza kulaaniwa na mtaa mzima, lakini kwa kawaida hana kesi. Mlinzi aliyeajiriwa na hoteli kuokoa waogeleaji akifanya hivyohivyo ana kesi. Vivyo hivyo mzazi kwa mtoto wake, na mtu aliyejitwika malezi ya mgonjwa asiyejiweza. Kwa hiyo ukitafsiri kifungu kirefu, hakikisha wajibu anaotajwa nao mtu haukupotea katika sentensi ya Kiswahili. Ukipotea, *omission* nzima inabaki hewani.

Jambo dogo la mwisho: *failure to* katika mikataba mara nyingi ni ndugu wa *omission*, si "kushindwa". *Failure to pay within 30 days* ni "kutolipa ndani ya siku 30". Ukiandika "kushindwa kulipa" unampa mdaiwa kisingizio kwamba alijaribu.

Kwenye sala ya Nakuungamia tunasema "kwa kutotimiza wajibu". Kitabu cha Kilatini kina *omissione*. Ni tafsiri sahihi? — Mwanakwaya, Bukoba

Ni sahihi, na ni nzuri. Katika misale ya zamani, yaani kitabu cha sala za Misa, sala hiyo ilitaja mawazo, maneno na vitendo tu. *Omissione* iliongezwa katika misale iliyotoka 1970. Watafsiri wa Kiswahili hawakuandika "kwa kuacha", wakaongeza wajibu ambao Kilatini kinauacha udhaniwe. Soma jibu lililotangulia uone kwa nini walifanya vema.

Katika *Book-keeping* tunafundishwa *error of omission* haionekani kwenye *trial balance*. Lakini zoezi moja kitabuni limesema inaonekana. — Mwanafunzi wa biashara, Iringa

Inategemea kilichorukwa ni pande zote mbili au upande mmoja.

Umenunua bidhaa za 180,000 kwa mkopo, ankara ikabaki mtotoni mwa meza, haikuingizwa kokote. Akaunti ya manunuzi imekosa 180,000 upande wa debiti, na akaunti ya muuzaji imekosa 180,000 upande wa krediti. Pande zote zimepungua sawasawa, kwa hiyo mizania ya majaribio inalingana kana kwamba hakuna kitu. Hii ndiyo *error of omission* ya somo lenu, mojawapo ya yale makosa sita ambayo mizania haiyafichui. Kuisahihisha ni kuandika maingizo yote mawili upya: debiti manunuzi 180,000, krediti muuzaji 180,000. Utaigundua vipi kama mizania haisemi? Kwa taarifa ya akaunti anayokuletea muuzaji mwisho wa mwezi, ambayo itakuwa na ankara usiyonayo.

Ukiwa umeandika debiti ya manunuzi ukasahau krediti ya muuzaji, huko ni kuruka nusu. Mizania haitalingana, itatofautiana kwa 180,000 kamili, na tofauti hiyo mnaifungulia *suspense account*, yaani akaunti ya muda, mpaka chanzo chake kipatikane. Bila shaka zoezi lenu lilikuwa la namna hii.

Usichanganye na *error of commission*. Hapo ingizo limefanyika, kiasi ni sahihi, ila limeangukia kwa mtu mwingine wa aina ileile: mauzo ya Jumaa yameandikwa kwa Juma. Mizania inalingana, na Juma anapata bili ya mtu.

Muuguzi ameandika *omit morning dose* kwenye karatasi ya mama mgonjwa. Tuache dawa moja kwa moja? — Mlezi, Morogoro

Hapana. *Omit* hapo inahusu kipimo kimoja cha dawa kilichotajwa, yaani dozi ya asubuhi. Vipimo vingine vinaendelea kama vilivyopangwa. Kuacha dawa kabisa huandikwa *stop* au *discontinue*. Karatasi isiyotaja tarehe huacha utata: ni asubuhi ya kesho tu, kama inavyokuwa mara nyingi kabla ya upasuaji au kipimo cha damu, au ni kila asubuhi? Hilo mwulize muuguzi au daktari mwenyewe kabla ya asubuhi kufika, na umwombe aandike tarehe. Na kipimo kilichorukwa kisifidiwe kwa kumeza viwili jioni ila mkiambiwa hivyo.

Ninaandika habari. Nikinukuu mtu kwa kufupisha, zile nukta ngapi? — Mwandishi wa mtandaoni, Zanzibar

Tatu, nukta za dukuduku, na uache nafasi kati yake na neno linalofuata. Zinamwambia msomaji kwamba hapa palikuwa na maneno. Usizitumie mwanzoni mwa kila nukuu, kwa kuwa kila mtu anajua mnukuliwa alisema mengine kabla.

Hesabu ya nukta si tatizo kubwa. Tatizo ni kinachokatwa. Mtu amesema: "Bei itashuka iwapo mvua zitanyesha kwa wakati na barabara ikakamilika." Ukiandika "Bei itashuka…" umemfanya mtoa ahadi. Sharti halikatwi, kikanushi hakikatwi, wala "labda" na "baadhi". Zinazokatwa salama ni salamu, marudio na maelezo ya pembeni. Ukikuta kila unapokata maana inayumba, acha nukuu, eleza kwa maneno yako.

Niko Muscat. Kadi ya ndugu yangu wa Tanga ina namba +255 (0) 7… na chini *omit (0) from abroad*. Nikipiga haiingii. — Msomaji, Oman

Sifuri iliyo kwenye mabano ni ya wapigaji walio ndani ya Tanzania: wao huanza 07. Wewe uliye nje iache, uweke 00255 au +255 kisha moja kwa moja 7 na tarakimu nane zinazofuata. Baada ya 255 ziwe tarakimu tisa; ukihesabu kumi, sifuri bado imo. Wanaohifadhi namba kama +25507… hukuta pia kwamba mtu huyo haonekani kwenye WhatsApp ingawa anayo. Ifute sifuri kwenye orodha ya simu, uihifadhi upya. Namba za Oman zenyewe hazina sifuri ya mbele, ni +968 na tarakimu nane, kwa hiyo nduguyo akikupigia hana cha kuacha.